Santuri za Nairobi zisidharauliwe

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee ile makala yenu ya santuri za zamani, ile iliyosema ukitaka kuusikia muziki wetu vizuri tafuta nakala iliyochapwa Ulaya, na zile za Nairobi waachie wanaopamba kuta. Makala ilikuwa nzuri kwenye mengi ila hapo mmepotosha, na siku hizi kuna vijana wananunua santuri kwa hela ndefu wakifuata maneno kama hayo, ndo maana nimeshindwa kunyamaza.

Nchi peke yake haikwambii kitu. Cha kuuliza ni mkanda wa kwanza, ule uliotoka studio, ulikuwa wapi wakati santuri inakatwa. Maana muziki unatoka kwenye mkanda, unachorwa kwenye sahani iliyopakwa laka laini, ile laka inatengenezewa chuma, chuma kinazaa stampa, alafu stampa ndo inagandamiza plastiki ya moto mpaka inakuwa santuri. Sasa kampuni ya nchi nyingine mara nyingi haikupewa mkanda wenyewe, ilitumiwa nakala ya mkanda, na kila ukinakili mvumo unaongezeka na sauti inapoteza makali kidogo, kama fotokopi ya fotokopi.

Chukua Orchestra Super Mazembe. Hawa ni Wakongo lakini makao yao yalikuwa Nairobi, walirekodi Nairobi na santuri zao ndogo za 45 zikachapwa hapohapo. Mwaka 1983 kampuni ya Virgin ya Uingereza ikatoa LP yao, yaani santuri kubwa ya nyimbo kadhaa, na ni LP nzuri, plastiki imetulia, huskii makelele katikati ya nyimbo. Lakini weka santuri ndogo ya Nairobi yenye wimbo uleule, kwa nakala nilizonazo mimi besi inakuja mbele na magita yanauma yaani unahisi bendi ipo chumbani, ile ya Uingereza imesafishwa mpaka ikapoa. Na sababu nyingine sio ya mkanda kabisa, ni ya nafasi. Santuri ndogo inazunguka mara 45 kwa dakika na wimbo umegawanywa pande mbili, kwahiyo fundi anayekata ana nafasi ya kuchimba mfereji mpana na kuipa besi haki yake. Kwenye LP inayozunguka mara 33 na kitu, ukijaza zaidi ya dakika 20 upande mmoja lazima mifereji ibanane na sauti ishushwe, na nyimbo za mwisho karibu na lebo, ile karatasi ya katikati, ndo zinaumia zaidi kwasababu pale sindano inatembea polepole kuliko ukingoni.

Ila mambo yanageuka ukija kwa Franco na TP OK Jazz. Nyimbo zao zilitoka Kinshasa, zikatoka Paris kwenye lebo ya African na zikatoka Nairobi kwenye lebo ya ASL. Huku sisi ndo tulikuwa wa kupokea nakala ya mkanda, kwahiyo hapo nakubaliana na mwandishi wenu, nakala ya Ufaransa iliyotunzwa mara nyingi inaishinda ya Nairobi, sauti za waimbaji zinatengana vizuri na sebene linapumua. Lakini haiishindi kwa sababu ya Uzungu wake.

Mnasifia sana na santuri za Wajapani. Ni kweli, plastiki yao ni kimya ajabu, Toshiba walikuwa mpaka na ile nyekundu iliyotengenezwa isivute vumbi. Lakini kwa muziki wa Waingereza na Wamarekani nao walikuwa wanatumiwa nakala ya mkanda, ndo maana wakusanyaji wengi wanaipenda nakala ya kwanza ya Uingereza kwa bendi za Uingereza hata kama ina mikwaruzo midogo. Jamaika ni hivyohivyo, plastiki yao ina makelele lakini watu wanaitafuta kwa sababu rege ilikatwa palepale ilikorekodiwa.

Sisemi Nairobi walifanya kila kitu sawa. Ninazo santuri ambazo tundu limekaa pembeni mpaka sauti inayumba, nyingine plastiki yake imechanganywa na mabaki yaliyosagwa unasikia kama mchele unakaangwa, nyingine zilichapwa stampa ikiwa imeshachoka. Baada ya bei ya mafuta kupanda 1973 hayo ya plastiki hafifu yaliwakuta hata Wamarekani. Na tukumbuke Tanzania ilikuwa haina kiwanda, bendi zetu kama NUTA Jazz na Western Jazz santuri zao zilichapwa Nairobi, kwahiyo ukiidharau santuri ya Nairobi umeidharau karibu kila santuri ya dansi la Dar ya miaka hiyo. Hata Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alivyoenda Bombay 1928 kurekodi na kampuni ya HMV, hakuna anayesema zile santuri hazifai kwasababu sio za London.

Halafu hili la kulinganisha. Mwandishi hajasema alilinganisha vipi. Ukitaka kufanya kwa haki zioshe zote mbili, tumia pleya moja na sindano moja, na hakikisha sauti zimelingana kabisa kabla hujaamua, maana ile iliyo juu kidogo tu sikio linaiona ndo bora, hii inawadanganya watu wengi sana na hata wauzaji wanaijua. Na usilinganishe ya Ulaya iliyokaa ndani ya kava lake na ya Nairobi iliyopigwa kwenye baa miaka kumi na sindano butu, hapo unapima matunzo, hupimi kiwanda.

Ombi langu kwenu, mkitoa tena orodha ya bei za santuri andikeni na zile namba zilizochorwa kwenye sehemu laini karibu na lebo. Pale ndo utajua santuri hii na ile zimetoka kwenye laka moja au zilikatwa upya, maana lebo inaweza kusema Kenya au Ufaransa na bado hujajua unachonunua. Na kama kuna msomaji aliyefanya kazi kwenye viwanda vya santuri Nairobi, awe kwenye mashine au kwenye kukata laka, mpeni ukurasa mzima aeleze mikanda ilikuwa inafikaje na ilikuwa inaenda wapi ikishatumika.

Msomaji wenu,
Tanga