Barua ya Kufunga Muhula wa Pili kwa Wazazi na Walezi

Ndugu wazazi na walezi,

YAH: KUFUNGA SHULE NA MAENDELEO YA WATOTO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Shule inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Ripoti zitatolewa siku hiyo hiyo, na mzazi aje mwenyewe.

Mliofika Siku ya Wazazi mliona baraza la Darasa la Awali na la Kwanza. Picha zilibandikwa kuanzia mlango wa ofisi hadi kwenye tangi la maji: mitumbwi, michikichi yenye mikungu myekundu, na treni iliyokula karatasi tatu. Mimi nilisimama muda mrefu mbele ya mgebuka mmoja, yule samaki wa ziwani kwetu. Binti aliyeupaka rangi yuko Darasa la Awali. Januari alikuwa akishika penseli kwa kiganja kizima kama mtu aliyeshika mchi, na kila akiandika karatasi inatoboka. Mwezi wa tatu alipewa duara kubwa ajaze, rangi ikamwagika nje pande zote. Mwezi wa kumi na moja amepaka mapezi ya samaki yule moja moja bila kugusa mwili, mkono wa kushoto umetulia juu ya karatasi, na chini yake ameandika jina lake, herufi zote zimekaa kwenye mstari. Hakuna aliyemshika mkono. Nampongeza yeye, na nawapongeza walimu wa madarasa hayo mawili kwa moyo wangu wote.

Naeleza kwa kirefu kwa kuwa wapo wanaodhani tunachezea muda wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Mtoto wa miaka mitano mifupa midogo ya kifundo cha mkono haijakomaa, mingine bado ni gegedu. Ukimwamuru ajaze ukurasa mzima wa a, e, i, o, u, mkono unachoka kabla ya kichwa, naye anaanza kuichukia kalamu. Kupaka rangi kunampa mazoezi yaleyale bila hofu ya kukosea. Gumba na kidole cha shahada vinabana, cha kati kinabeba. Anajifunza kukandamiza kwa kiasi, kugeuza mkono akifika ukingoni, na kusimama pale mstari unapoishia. Ukiitazama herufi "a" utaona ni duara na kijiti.

Mmeuliza kwa nini krayoni zimevunjwa. Tumezivunja wenyewe. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi, kinamlazimu mtoto atumie ncha za vidole. Karatasi nazo tunazibandika ukutani makusudi, ili kifundo na bega vipate nguvu. Nyumbani si lazima mnunue kitu. Mpeni chaki au kipande cha mkaa achore sakafuni, achambue maharage, afunge vifungo vya shati lake mwenyewe hata kama mnachelewa.

Sasa niseme lililoniuma. Muhula huu mzazi mmoja aliingia darasani kipindi kikiendelea, akachukua daftari la mwanawe, akachana ukurasa wa picha mbele ya watoto wote na kusema hakumleta mtoto shule kuja kuchora. Mtoto yule hakushika krayoni kwa wiki mbili. Alikaa ameficha mikono chini ya dawati. Mwalimu wake alikuja ofisini kwangu akilia. Jambo hili sitalivumilia tena. Mwenye swali aje ofisini, mlango uko wazi, nitamweleza hadi aelewe. Darasani haingii mtu bila ruhusa yangu, awe nani. Na wazazi wanaowapakia watoto rangi usiku ili kazi ipendeze, acheni. Tunaujua mkono wa mtu mzima.

Vilevile wapo wanaowachapa watoto kwa sababu wanaandika kwa mkono wa kushoto. Mtoto wa kushoto ameumbwa hivyo. Hapa shuleni tunamwinamishia karatasi upande wake na anaandika vizuri kama wenzake. Msimrudishe nyuma.

Utoro nausema kila mwaka. Siku za giza, usiku usio na mbalamwezi, mitumbwi ikirudi na dagaa, madawati ya watoto wa kuelekea Kibirizi yanabaki matupu. Najua kuanua dagaa kunahitaji mikono mingi, na najua ndicho chakula cha nyumba. Lakini mtoto wa Darasa la Kwanza akikosa siku nane hadi kumi kila mwezi, mkono wake unarudi kule kwenye ngumi na mwalimu anaanza upya. Januari nitaandika majina ya watoro kila Ijumaa na kuyapeleka kwa mtendaji wa mtaa. Sitamwonea mtu, wala sitamficha mtu.

Mchango wa uji: ada haipo, hilo tunalijua sote. Uji tuliupitisha wenyewe kwenye kikao, mkanyoosha mikono. Zaidi ya nusu ya Darasa la Pili hawajamaliza kuchangia, na watoto wao wanakunywa pamoja na wengine kwa sababu siwezi kumtoa mtoto kwenye foleni. Mmalize kabla ya shule kufunguliwa.

Sare zifuliwe na kushonwa. Boksi za katoni na karatasi zilizotumika upande mmoja tunazipokea ofisini, mkiwa nazo zileteni.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu
Kigoma