Nusu nauli ya mchungaji haikuwa hongo

Mhariri,

Makala yenu kuhusu reli za Marekani katika karne ya 19 nimeisoma mara mbili, na sehemu kubwa nakubaliana nayo. Ila mwandishi alipofika kwenye pasi za kupanda treni bure, zilizotolewa na kampuni za reli, aliwatia kapu moja wabunge, majaji na wachungaji wa makanisa, akawaita wote wala rushwa. Hapo naomba nimpinge.

Kuhusu wabunge na majaji sina ubishi. Katiba ya California ya 1879 ilisema wazi kwamba kiongozi wa umma akipokea pasi ya reli, cheo chake kimekwisha. New York nayo ikaweka katazo katika katiba yake ya 1894. Watu walikuwa wamechoka.

Mchungaji habari yake ni nyingine. Kilichozoeleka kwake kilikuwa kibali cha nusu nauli, nacho hakikuletwa nyumbani na mjumbe wa kampuni. Alikiomba mwenyewe kwa maandishi, mwaka hata mwaka, akithibitisha kwamba amewekewa mikono, ana kazi ya kanisa, na hana biashara nyingine inayomlisha. Baadaye kampuni zilizoungana katika vyama zilifungua ofisi maalumu za vibali vya makasisi, kibali kimoja kikatumika kwenye reli kadhaa. Jina lake liliandikwa humo na hakuruhusiwa kumwazima mtu.

Tena kulikuwa na sheria. Bunge la Marekani lilipotunga Sheria ya Biashara baina ya Majimbo, Februari 1887, lilikusudia hasa kukomesha upendeleo wa nauli. Lakini kifungu cha 22 kiliwataja wahudumu wa dini: kampuni ikitaka kuwapunguzia, haivunji sheria. Haikulazimishwa, na iliweza kumkatalia mtu. Mwaka 1906 ikaja sheria ya Hepburn, kali zaidi, iliyopiga marufuku pasi za bure na kumtoza faini ya dola 100 hadi 2,000 aliyetoa na aliyepokea. Humo pia wahudumu wa dini waliachwa nje ya katazo. Yaani bunge lilelile lililopambana na hongo za reli liliwaangalia watu hawa mara mbili, na mara zote mbili likaona hawamo.

Mwandishi wenu angepiga hesabu angeelewa. Nauli ya senti 3 kwa maili ilikuwa ya kawaida sehemu nyingi. Safari ya maili 200 ni dola 6, kwenda tu, kwa mtu anayelipwa dola mia chache kwa mwaka, na wakati mwingine sehemu ya malipo hayo huletwa kama kuni na viazi. Wamethodisti ndio walioumia zaidi, kwa sababu kanuni yao haikumruhusu mchungaji kukaa kituo kimoja zaidi ya miaka 3, ikaongezwa kuwa 5 mwaka 1888. Kila uhamisho ni mke, watoto na masanduku. Marehemu baba yangu alikuwa mwinjilisti. Mitaa yake minne aliizungukia kwa miguu, na viatu alivivua njiani ili visiishe kabla ya Pasaka. Nikisikia mtu wa kazi ile anaitwa mla rushwa kwa kupunguziwa dola 3, naumia.

Sidai kwamba kampuni zilifanya hivyo kwa huruma tupu. Baadhi yao zilikuwa na ardhi ya kuuza kandokando ya reli, na familia huhamia upesi mahali penye kanisa. Hatari ya mchungaji kufunga mdomo mbele ya mfadhili wake nayo ilikuwepo, na ningependa mwandishi aichunguze. Akiichunguza, asimsahau William Carwardine, mchungaji wa Kimethodisti katika mji wa Pullman, Illinois. Mwaka 1894 kampuni ya mabehewa iliyoumiliki mji ule ilikuwa imepunguza mishahara huku kodi za nyumba zikibaki palepale. Wafanyakazi wakagoma, na yeye akawatetea hadharani.

Mmesema sehemu ya pili inakuja. Naomba mwandishi awatenganishe humo wachungaji na wabunge, na sentensi ile ya aya ya mwisho ya makala, inayowaita wote wala rushwa, isahihishwe.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma