Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa wilaya yetu: stoo ifunguliwe, watoto wasome

Ndugu Afisa Elimu,

Kwa heshima zote nakuandikia hadharani, kwa kuwa barua nilizopitisha kwa mtendaji wa kata hazijajibiwa hata moja.

Wiki iliyopita ulifika shuleni kwetu, ukamsimamisha mtoto wa darasa la pili, ukamfungulia ukurasa asioujua. Akakwama kwenye neno "wanapokezana". Ukatamka mbele ya wazazi kwamba watoto wa huku ni wazito kwa sababu nyumbani wanaongea Kigogo.

Mimi ni mwalimu wa kujitolea wa darasa hilo. Pale mbele yako alisimama mtoto ambaye hajawahi kushika kitabu peke yake. Kwetu kitabu kimoja kinazungukwa na watoto saba, wakati mwingine nane. Wa upande wa pili wa dawati anaziona herufi kichwa chini: n inakuwa u, d inakuwa p. Wa pembeni haoni kitu, anaitikia tu wenzake, na ukurasa mzima anaushika kwa sikio.

Jambo hili limechunguzwa tangu zamani. Mwaka 1886 James McKeen Cattell, Mmarekani aliyekuwa akisoma Leipzig, Ujerumani, alionyesha kuwa msomaji mzoefu hutaja neno fupi upesi sawa na herufi moja. Jicho lake hutua kama robo sekunde, kisha huruka mbele. Wepesi huo hakuna anayezaliwa nao. Mtafiti wa usomaji, David Share, alieleza mwaka 1995 unavyojengeka: mtoto akiliunganisha neno geni mwenyewe, herufi kwa herufi, maandishi yake yanabaki kichwani, na akikutana nalo tena mara chache tu analitambua. Lakini lazima aliunganishe yeye, macho yake yakiwa kwenye herufi. Kuitikia hakumpi hilo.

Kuhusu Kigogo, nakubali kwamba msamiati wa Kiswahili unawapungukia. Kuunganisha silabi hakuwashindi. Kiswahili kinasomeka kilivyoandikwa, na silabi za ma, me, mi wanazitamka nyumbani kila siku.

Na vitabu vipo, Ndugu Afisa! Uliahidi mwenyewe kwenye kikao cha wazazi kwamba kila mtoto atapata chake. Maboksi yakaja, yakaingizwa stoo, tukaambiwa yasiguswe mpaka orodha ya wilaya ikamilike. Kamba hazijakatwa hadi leo, na mchwa wameanza kupanda ukutani. Nadhani mnaogopa vitachanika au vitaishia kufungia maandazi. Sababu nyingine sijaelezwa.

Chaki nanunua mwenyewe. Hadithi naziandika usiku kwa tochi ya simu, kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Asubuhi wenzangu wanapoamia ndege, mimi niko darasani, na kwelea kwelea wanamaliza uwele wangu. Posho mliyoitaja sijaiona, na leo siidai.

Leo naomba stoo ifunguliwe. Mtoto apewe kitabu, aende nacho nyumbani, akisome mwenyewe. Kikichanika nitakigundisha mimi. Mwalimu mkuu ana ufunguo, ila anaogopa kufungua bila kibali chako. Mwandikie, upige mhuri, vitabu vitoke kabla shule hazijafungwa Juni. Naomba hilo tu, vitabu vitoke.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa kujitolea, Dodoma