Barua ya wazi kwa Afisa Elimu wa wilaya yetu: asilimia 200 yako ina watoto 16

Mheshimiwa Afisa Elimu,

Shikamoo. Nikupongeze kwanza kwa kikao cha Ijumaa cha tathmini ya somo la Kiswahili. Soda zilikuwa baridi. Nilikaa nyuma, karibu na dirisha, nikasikiliza shule tatu zikisomwa. Majirani zetu wa ng'ambo ya mto: ongezeko la asilimia 200 la wanafunzi wa Kiswahili. Makofi, cheti, makatoni manne ya vitabu, na mwalimu wa pili kuanzia muhula ujao. Sisi: asilimia 25. Ukavua miwani ukasema, "Hawa wakubwa wamelala." Shule ya tatu, sifuri.

Mheshimiwa, aliyelala ni mimi. Nafundisha Kiswahili peke yangu, wanafunzi 515, mikondo saba, vitabu 40. Jumatano sauti hunikauka. Alhamisi huwa naandika ubaoni tu na kuonyesha kwa fimbo.

Majirani walikuwa na wanafunzi 8, sasa wanao 24. Wameongeza 16. Sisi tulikuwa na 412, tumefika 515. Tumeongeza 103. Hao 16 wangeenea kwenye madawati manne ya darasa langu, tena kwa jinsi tunavyobanana, bila mtu kushtuka.

Sina ugomvi na jirani. Mwalimu wao ni rafiki yangu na vitabu anavihitaji. Ninachouliza ni hiki: mwenye wanafunzi 8 akipata wawili tu, tayari ana asilimia 25 kama sisi. Akipoteza wawili, anaanguka kwa kishindo hichohicho. Kwa hiyo shule ndogo mwaka huu utaikuta juu ya orodha, mwakani utaiokota mkiani. Hawa hawa mwaka juzi walikuwa 20. Mwalimu wa wakati ule akahama, wakabaki 8. Hilo lilikuwa anguko la asilimia 60, na sikumbuki kuitwa kikaoni. Ukianzia mwaka juzi, wamekua kwa asilimia 20. Sisi mwaka juzi tulikuwa 380, kwa hiyo tumekua kwa asilimia 35 na ushee. Orodha imepinduka, na wanafunzi ni walewale.

Binti yangu alizaliwa na kilo 3, leo ana kilo 9, mwaka haujatimia. Asilimia 200! Mimi katika muda huo nimeongeza kilo moja. Kwa hesabu ya ofisi yako, mwenye utapiamlo pale nyumbani ni baba.

Kisha likaja la "wilaya imekua kwa wastani wa asilimia 75". Nilidhani nimesikia vibaya. Nashuku kijana wa kompyuta alichukua 200, 25 na sifuri, akajumlisha, akagawanya kwa tatu. Hapo watoto 8 wamepewa uzito sawa na watoto 412. Shule ya tatu ilikuwa na 180 na imebaki na 180. Jumlisha vichwa, Mheshimiwa: walikuwa 600, sasa ni 719. Haifiki hata asilimia 20. Hiyo 75 sijui utaipeleka Kampala ukiwa umevaa uso gani.

Uganda yenyewe ingetufundisha. Sensa ya 1969 ilihesabu watu milioni 9.5, ya 1980 milioni 12.6. Ya 2014 ilipata milioni 34.6, ya 2024 milioni 45.9. Mara zote mbili tuliongezeka kwa karibu theluthi moja, na miaka yenyewe haikupishana sana. Lakini mara ya kwanza waliongezeka milioni 3 hivi, mara ya pili zaidi ya milioni 11. Kasi utasema ni ileile, ila anayejenga madarasa hajengei asilimia.

Tena sisi hatuna pa kukulia. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza 2020, umeweka Kiswahili kuwa somo la lazima kidato cha kwanza na cha pili. Kwetu hao 515 ndio wanafunzi wote wa vidato hivyo. Aliyebaki nje ni mbuzi wa mlinzi. Majirani bado hawajafika huko: hao 24 wao wametoka kati ya 160. Mwakani tukibaki 515 utatusomea sifuri, nami nitavuliwa miwani tena.

Julai mwaka jana, Siku ya Kiswahili, ulisimama chini ya mwembe wetu. Ulitukumbusha kwamba Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, ukaahidi mwalimu wa pili "kabla ya muhula wa tatu". Wanafunzi walikuimbia. Muhula wa tatu ukaja, ukaisha. Mwembe umezaa mara mbili.

Nilikuwa na mengine ya kuomba: vitabu, redio, hata chaki. Nayaacha. Orodha ibaki na asilimia zako, ila pembeni yake iandikwe idadi ya watoto, wa mwaka huu na wa miaka mitatu nyuma. Na mwalimu. Mmoja tu, Mheshimiwa. Akishuka kwenye basi nipigieni simu, nitamfuata mwenyewe na bodaboda, nauli juu yangu.

Mwalimu wa Kiswahili, mikondo saba,
West Nile