Mwanangu, Dini ya Muuaji Itajwe Lini?

Pumwani, Nairobi

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Sisi hapa nyumbani hatujambo, tunamshukuru Mungu, na hofu ni kwako tu uliye katika pilikapilika za chumba cha habari. Swali ulilonitumia si la kujibiwa kwa ujumbe wa simu, ndiyo maana nimeona nikae nikuandikie. Unasema mhariri wako amekurudishia habari ya yule mwanamume anayeshukiwa kumuua mkewe, akitaka uongeze kwamba mtu huyo ni Mwislamu na kwamba alikuwa akionekana msikitini, kwa hoja kwamba wasikilizaji wana haki ya kujua. Nawe hukujua umjibuje, kwa sababu ulihofia kwamba ukikataa utaonekana unawatetea watu wa dini yako.

Hofu hiyo naifahamu, lakini iweke kando, kwani jibu ninalokupa ningempa hata binti wa jirani yetu anayeimba kwaya kanisani. Kabla ya kuitaja dini ya mhalifu, uliza dini hiyo ilifanya kazi gani katika tendo lenyewe. Kama ndiyo iliyotumiwa kuwachagua wa kuuawa, au kuwaandikisha wauaji, au kuwapa amri, itaje waziwazi, iwe dini ya nani. Kama ni jambo alilozaliwa nalo tu, sawa na kimo chake, basi haina nafasi katika sentensi yako.

Katika miaka yangu ya ukarani wa mahakama pale Makadara, dini ya mtu niliiuliza kwa sababu moja pekee, nayo ni kujua nimpe Biblia au Kurani ashike wakati wa kuapa, au, kama hakutaka kuapa kwa kitabu chochote, athibitishe kwa neno lake kama sheria inavyomruhusu. Hakimu aliandika katika kumbukumbu zake kwamba shahidi wa kwanza ni mwanamume mtu mzima, Mkristo, ameapishwa na anaeleza kwa Kiswahili, na dini hiyo ikaishia hapo. Hukumu ilipokuja kusomwa, ilieleza panga lilipatikana wapi, nani aliliona, na daktari alisema nini kuhusu jeraha. Niliwaona washtakiwa waliopanda kizimbani na tasbihi mkononi, na wengine na Biblia mpya kwapani, wakitumaini kwamba uchaji wao ungewapunguzia kifungo. Mahakimu wazuri hawakuyumbishwa na hayo, na mimi naona mwanahabari naye asiyumbishwe.

Hata hivyo, usinielewe kwamba nakuagiza uifiche dini. Wapo miongoni mwetu ambao kila damu inapomwagika hukimbilia kusema kwamba ugaidi hauna dini, na wanasiasa wote huitikia. Ni maneno mema ya kuwatuliza watu msibani, ila hayatoshi katika habari. Novemba 2014, karibu na Mandera, al-Shabaab walilisimamisha basi lililokuwa likija Nairobi, wakawatenga abiria waliowadhani kuwa si Waislamu, wakawaua watu 28, wakiwemo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Krismasi. Mwaka uliotangulia, walipolivamia jengo la maduka la Westgate hapa Nairobi, kuna watu walioulizwa maswali ya dini huku bunduki zimewaelekea. Tarehe 2 Aprili 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, Wakristo walitengwa wauawe, na watu 148 wakapoteza maisha siku hiyo. Mwandishi anayeyasimulia mashambulizi haya bila kuitaja dini anamnyima marehemu hata ukweli wa sababu ya kuuawa kwake. Aliyenusurika kwa kuwa alijua kuitamka shahada, lile tamko la imani ya Kiislamu, au aliyempoteza rafiki kwa kuwa hakuijua, hawezi kukubali kuambiwa kwamba dini haikuwepo.

Tena ukiificha, unafuta na yaliyo mema. Desemba 2015, basi jingine lililokuwa likielekea Mandera lilivamiwa, na washambuliaji wakataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na wanawake wakawapa wenzao Wakristo mavazi ya kujifunika. Mwalimu Salah Farah, aliyekuwa miongoni mwa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Sijui ungeisimuliaje habari ya mwalimu huyo bila kusema kwamba alikuwa Mwislamu aliyekataa kuwatoa Wakristo.

Lakini angalia jambo ambalo wahariri wengi hulipita mbio. Mmoja wa waliohusika Garissa alikuwa kijana aliyehitimu sheria katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake, chifu katika kaunti ya Mandera, alikuwa amekwisha kuripoti kwa serikali kwamba mwanawe ametoweka. Baba na mwana walikuwa wa dini moja. Ukiandika kwamba muuaji alikuwa Mwislamu, umemweleza baba sawasawa na ulivyomweleza mwana, na msikilizaji hajapata lolote la kumsaidia kuelewa kwa nini mmoja alishika bunduki na mwingine akaenda kutoa taarifa. Kinachowatofautisha ni kundi lililomchukua kijana, mafundisho aliyopewa huko, na njia aliyopitia. Hayo ndiyo ya kutafuta na kuandika. Taja al-Shabaab, taja mhubiri ikiwa ushahidi upo, taja mafundisho yenyewe kwa maneno yake, badala ya kutupa jina la umma mzima.

Ipime kanuni hiyo kwa Shakahola uone kama inasimama. Mwaka 2023, katika msitu ule wa kaunti ya Kilifi, zilifukuliwa maiti zaidi ya 400, na mhubiri Paul Mackenzie wa kanisa la Good News International akashtakiwa kwa madai kwamba wafuasi walihimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Mashtaka ameyakanusha, nawe kila unapoandika ni lazima ukumbuke kwamba Kifungu cha 50 cha Katiba kinamhesabu mshtakiwa kuwa hana hatia hadi mahakama iamue vinginevyo. Hapo hapakuwa na namna ya kuandika habari bila kanisa, mahubiri na mfungo, kwa maana hivyo ndivyo vilivyokuwa kiini cha kesi. Vyombo vya habari vilivitaja, na vilifanya vyema, vikalitaja kanisa lile na mhubiri yule. Sikusikia mtu akimdai Mkristo wa Kayole au wa Kangemi aombe radhi, wala sikuona abiria akihama kiti katika matatu kwa sababu aliyeketi kando yake amebeba Biblia.

Linganisha na Aprili 2014. Katika operesheni ile ya polisi iliyoitwa Usalama Watch, iliyofuata mashambulizi ya maguruneti, watu kwa maelfu, wengi wao Wasomali, walikamatwa Eastleigh na mitaa ya karibu, na wengi wakazuiliwa katika uwanja wa Kasarani ili wachunguzwe. Eastleigh ni hapo ng'ambo tu, unapafahamu. Mama mmoja aliyekuwa akituuzia vitambaa alifunga duka kwa hofu, kitambulisho chake cha Kenya akiwa nacho mkobani. Sisemi kwamba redio ndizo zilizowatuma askari. Ninachosema ni kwamba miezi mingi ya kusikia dini na kabila vikitajwa pamoja na maguruneti iliwafanya watu wa kawaida waone jambo lile kuwa ni la haki.

Mhariri wako atakuambia kwamba anawatendea wote sawa. Mwombe akuonyeshe, katika habari za mauaji mlizotangaza mwaka huu, ni ngapi zilizosema kwamba mshukiwa ni Mkristo. Katika sensa ya 2019 Wakristo walikuwa zaidi ya asilimia 85 ya Wakenya, na Waislamu kama asilimia 11, kwa hiyo si ajabu kwamba washukiwa wengi wanaosomwa kwenye taarifa wana majina ya ubatizo. Hakuna anayelalamika kwamba dini yao haikutajwa, kwa sababu dini ya walio wengi huwa haionekani. Kanisa la Kiambaa, kule Eldoret, lilichomwa moto Januari 1, 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, na watu waliokuwa wamejihifadhi humo wakateketea. Tuliandika na kusema mengi kuhusu kabila za waliochoma na waliochomwa, ila ni nani aliyeuliza kama waliowasha moto nao walikuwa na makanisa yao?

Isitoshe, jina la mshukiwa wako limekwisha kusema. Msikilizaji wa Nairobi akisikia jina la Kiislamu hana haja ya kuelezwa zaidi, kwa hiyo maneno anayoyataka mhariri hayaongezi maarifa yoyote. Kazi yake ni kumwambia msikilizaji kwamba hapo ndipo pa kutafuta sababu.

Sasa nije kwenye haki ya kujua, maana hiyo siipuuzi. Msikilizaji ana haki ya kujua kama yule marehemu aliwahi kwenda kituo cha polisi, kama alipewa namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, au aliambiwa akayamalize nyumbani, na kama aliomba amri ya kumlinda chini ya sheria ya 2015 ya kuwakinga watu na ukatili wa majumbani. Katika habari uliyonitumia sikuona hata swali moja kati ya hayo, na muda wa taarifa ni mfupi. Sekunde ulizopewa uzungumzie msikiti zimetolewa kwenye hayo.

Na hapa, mama, nataka usikie vizuri, kwa kuwa kuna mlango mmoja ambao dini inaweza kuingilia kihalali katika habari hii, na mhariri wako hakuuona. Uliza kama mkewe alikuwa amefungua shauri la talaka kwa kadhi. Uliza kama aliwahi kumwendea imamu au wazee wa msikiti akaonyesha majeraha, na walimjibu nini. Wanawake wengi wa mitaa yetu, wa misikitini na wa makanisani, huambiwa wavumilie kwa ajili ya watoto, kisha hurudishwa kwa mtu yuleyule. Kama ndivyo ilivyokuwa, dini si pambo tena, ni sehemu ya jinsi mauaji yalivyopata nafasi, na itakubidi uiandike kwa uthabiti uleule ambao ungeiandika kama aliyemrudisha angekuwa mchungaji. Watakaonuna ni watu wetu, na huenda wengine wakaja kunilalamikia mimi. Niachie hao.

Kwa hiyo kesho usibishane na mhariri kuhusu uonevu wa Waislamu, kwani hayo yatawafikisha kwenye siasa. Mwambie kwamba unaitoa sentensi ile kwa sasa, na kwamba unaomba siku mbili uende kituoni, kwa familia ya marehemu, na kwa imamu. Ukirudi na ushahidi kwamba dini ilihusika, ataisoma kwenye aya ya kwanza. Ukirudi bila ushahidi huo, bado utakuwa na habari ya polisi na ya familia, ambayo mpaka leo hakuna kituo kilichoitangaza.

Baba yako anakusalimu, na anasema ile redio ndogo uliyomletea imeanza kukwaruza, uje na nyingine utakapokuja mwisho wa mwezi.

Wasalaam,
Mama yako