Risala ya wanafunzi wa madrasa kwa mgeni rasmi, Majengo, Nairobi

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Mheshimiwa mgeni rasmi, masheikh wetu, walimu, wazazi, na nyinyi wadogo wa mstari wa mbele mtulie kidogo, biriani inakuja.

Sisi wanafunzi tunashukuru vile umekubali kuja, manake kukata jam ya Jumamosi mpaka Majengo si mchezo. Mwaka huu maalim ametusomesha habari za vyuo vya Kiislamu duniani, na swali tulilomsumbua nalo kila kipindi ni moja tu, pesa za kuviendesha zilikuwa zinatoka wapi?

Chukua Fes kule Moroko. Inasimuliwa kwamba mwaka 859 Fatima al-Fihri alirithi mali ya babake akaitia kwenye msikiti wa Qarawiyyin, darsa zikasomwa humo humo mpaka leo ni chuo kikuu. Wasichana wetu walipiga makofi hapo, kidogo wavunje darasa. Baghdad nako, karne ya 11, waziri Nizam al-Mulk akajenga madrasa ya Nizamiyya, wanafunzi wakapewa posho, na Imam Ghazali alisomesha hapo. Al-Azhar ya Cairo, msikiti ulioanza kujengwa mwaka 970, wanafunzi wageni walikuwa na riwaq zao, yaani mabweni ya kulala, kila watu wa nchi fulani na yao, na mkate wanagawiwa bure. Mkate! Sisi tukipata mandazi na chai siku ya Maulidi tunaona ni sherehe.

Jibu la maalim lilikuwa lile lile, wakfu. Mtu anatoa duka ama shamba ama nyumba ya kupangisha, kitu chenyewe hakiuzwi wala hakirithiwi, kodi yake ndio inalipa mwalimu na kulisha wanafunzi, na mwenye kutoa akifa kazi haisimami.

Wako waliofanya vingine. Darul Uloom ya Deoband kule India, 1866, ilitegemea michango ya watu wa kawaida na haikutaka pesa za serikali. Hiyo ndio njia yetu sisi, wazazi wanatoa hamsini hamsini, Allah awalipe, lakini Januari ikifika karo ya shule inameza kila kitu na ustadh anakaa miezi bila chochote, na bado anakuja, hatujui anakula nini.

Na mtu akimaliza msahafu hapa, pa kwenda papo, iko madrasa ya Riyadha ya Habib Saleh kule Lamu, iko Islamic University ya Uganda pale Mbale tangu 1988. Shida ni kufika huko kama msingi wenyewe unayumba.

Kwa hivyo ombi letu, na tumelibishania sana, si harambee. Harambee tunaijua, ukuta unapakwa rangi, picha zinarushwa wasap, basi. Tunaomba wewe na marafiki zako mtutafutie duka moja Eastleigh ama hata Kariokor (Gikomba hapana, moto hauishi huko), liandikwe wakfu kwa wakili, liwe na wadhamini, kodi ilipe walimu kwanza halafu vitabu. Kamati ina karatasi za usajili, mwenyekiti atakuonyesha baada ya swala ya adhuhuri ukiwa na dakika kumi.

Wabillahi tawfiq, wassalamu alaykum.