Barua ya wazi kwa wahadhiri vijana wa mawasiliano ya siasa na uhusiano wa umma

Wanangu, salaam.

Uchaguzi ukikaribia, simu zenu huanza kuita. Chama kinatafuta mtu wa kupiga msasa ilani, mgombea anataka kuandikiwa hotuba, televisheni inataka mchambuzi. Sina ugomvi na vibarua hivyo. Mshahara wa mhadhiri msaidizi naujua, tena anayefundisha kampeni bila kuonja kampeni hata moja anafundisha nadharia tupu. Ugomvi wangu ni na yule anayeandika hotuba mchana, kisha usiku anakaa studio, jina limetanguliwa na "Dokta", akiichambua hotuba ileile na kuimwagia sifa. Mtazamaji hajui kuwa anamsikiliza mpiga debe.

Habari za Cambridge Analytica, ile kampuni ya Uingereza iliyotumia taarifa za watu kuendeshea kampeni za siasa, mnazo. Machi 2018, televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilirusha video iliyomrekodi kwa siri Mark Turnbull, mmoja wa wakubwa wa kampuni hiyo, akijigamba kuwa Kenya, 2013 na 2017, walibadili sura ya chama kizima mara mbili na kuandika ilani. Hilo kila mtu analisimulia. Kinachosahaulika ni kwamba mlango wa taarifa za Facebook walifunguliwa na mwanataaluma. Aleksandr Kogan alikuwa mtafiti wa saikolojia Chuo Kikuu cha Cambridge, na pembeni ana kampuni yake. Programu yake iliwauliza watu maswali ya kupima haiba. Waliojibu walikuwa laki chache, lakini ilichota na taarifa za marafiki zao, na Facebook yenyewe ikakadiria kuwa walioguswa huenda wakafika milioni 87. Marafiki hao hawakuombwa ridhaa na mtu.

Sasa tazameni madodoso yenu. Ukurasa wa mwisho mmeandika namba ya simu ya mama wa Temeke aliyewaambia atampigia nani kura, na mlimwahidi ni kwa ajili ya chuo tu. Namba ile isifike ofisi ya kampeni, hata akiiomba rafiki, hata "kwa kutuma salamu tu".

Studio nako, kabla taa haijawaka, mwambieni mtangazaji nani anawalipa msimu huu, na alitaje hewani. Akikataa, ondokeni. Nanyi wakuu wa idara, wekeni daftari la kazi za nje, likae mahali mwanafunzi yeyote anaweza kulifungua. Majina yenu yawe ya kwanza.

Mzee wenu,
mhadhiri mstaafu